Binti wa Kwenye Faili

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nina chumba, chumba kina dirisha, na dirisha linatazama ukuta, kwa hiyo hakuna wa kunichungulia. Najua hilo litakufurahisha kuliko habari nyingine zote.

Habari yenyewe ni hii: nimepata wakili. Usikunje uso kwanza. Ni wa ofisi ya msaada wa kisheria, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira imeingia mpaka kwenye mafaili. Ni mwanamke wa rika langu, anavaa raba, na viatu vyake vya mahakamani anaviweka kwenye droo pamoja na stepla. Lugha yetu haijui. Katikati yetu anakaa mkalimani, mwanamume mwembamba asiyesema lake hata moja. Neno la "mimi" kwa lugha ya hapa nimeshalijua, na kila nikisema mimi niliogopa, naye anasema mimi niliogopa. Siku ya kwanza nilimgeukia nikitaka kumwuliza, na wewe tena uliogopa nini?

Ombi langu la hifadhi litasikilizwa tarehe 20 Mei. Wakili anasema kesi nzima imesimama juu ya jambo moja: kwamba baba yangu, mwalimu, alichukuliwa nyumbani na hakurudi, na kwamba mimi, nilipoondoka huko Makazi ya wakimbizi nikarudi kwetu na kuanza kuulizia alikopelekwa, niliwekwa ndani siku kumi na moja, nikaambiwa nikiuliza tena nitamfuata. Nikiaminiwa, nakaa hapa. Nisipoaminiwa, narudishwa kwa watu wale wale. Hakuna katikati.

Anaomba mambo mawili. La kwanza, uandike unayoyakumbuka juu ya baba, maana wewe ndiye uliyenilea tangu nina miaka minne. La pili, nisaini karatasi ya kumruhusu aombe faili langu la huko Makazi. Nitasaini Jumatatu.

Naipa barua hii Dereva Miwani, kwa kuwa nasikia mnara wa simu huko kwenu umekufa tena.

Mpwa wako,
Sindano


11 Februari

Sindano,

Marahaba. Usisaini.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua unasoma barua zangu kwa kurukaruka, kama ulivyokuwa ukisoma vitabu vyangu.

Sasa tuzungumze. Kabla hatujakimbia nilifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha uchapaji, nikisahihisha kurasa za watu kabla hazijapigwa chapa. Ndiyo maana hapa Makazi wananiita Koma. Kule nilijifunza kwamba karatasi ikiwa mezani kwako ni yako, ikishatoka mlangoni ni ya yeyote anayeishika. Huyo wakili wa bure analipwa na nani? Pango la ghorofa ya pili linatoka mfukoni mwa nani? Na mwenye mfuko akimwomba faili lako, atamnyima?

Na huyo mkalimani. Msikilize anavyosalimia. Msikilize anavyotamka majina ya vijiji vya kwetu. Mtu asiyesema lake, analo. Mwulize kwao ni wapi. Akijibu haraka, usimwamini; akisita, usimwamini zaidi.

Faili la Makazi liache lilale. Humo mna unga, mablanketi na chanjo. Hamna cha kukufaa. Halafu kuna jambo la upande wangu. Mwaka huu, baada ya miaka ishirini na sita, serikali ya hapa imetangaza kwamba sisi tuliokaa muda mrefu tutapewa ukaazi wa kudumu. Nimeshahojiwa, nimeambiwa jina limo, inasubiriwa orodha tu. Sitaki jina langu litembee ovyo kwenye meza za watu wakati huu. Utanielewa.

Kumbukumbu za baba yako nitaziandika, taratibu.

Mjomba wako,
Koma


22 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimeshasaini. Dereva Miwani alikaa mpakani siku nne wakimkagua mpaka ndani ya kiti, kwa hiyo mlaumu yeye.

Nilimwuliza wakili analipwa na nani. Niliuliza kwa heshima, lakini niliuliza. Wakili alicheka sana. Mkalimani hakucheka, alinigeukia akasema tu, "Amecheka." Kisha akanitafsiria kwamba ofisi inaendeshwa kwa michango, na kwamba mshahara wa wakili mwenyewe mara ya mwisho ulichelewa miezi miwili, kwa hiyo kama kuna anayemtumia kunipeleleza, anamtumia kwa mkopo.

Ila Mjomba, kuna jambo limenikaa rohoni tangu juzi. Wakili ananiuliza swali moja mara tatu. Baba alifundisha shule ipi? Tunaendelea na mengine, dakika kumi zinapita, halafu: baba alifundisha shule ipi? Anasema ananizoesha, kwamba siku ya kusikilizwa wataniuliza hivyo hivyo. Sawa. Lakini juzi aliniuliza, kisima kiko umbali gani kutoka lango la shule? Kisima! Mimi sijataja kisima. Nimekaa nimerudia maneno yangu yote kichwani, sijataja. Basi nani kamwambia kuna kisima, kama si yule anayekaa katikati?

Nilipotoka nilimkuta mkalimani chini, dukani kwa matairi, anazungumza na mtu. Waliponiona wakanyamaza.

Nimeanza kumtazama.

Sindano


1 Machi

Sindano,

Unaona?

Sikutaka iwe kweli, lakini unaona mwenyewe. Mtu anayejua kisima cha shule ile amewahi kuchota maji pale, na wakati ule waliochota maji pale walikuwa wa namna mbili: wanafunzi wa baba yako, na waliokuja kumchukua. Umri wake ni miaka mingapi? Mkono wake una alama? Andika kila kitu anachokosea kutafsiri, weka tarehe.

Hivi ndivyo nataka ufanye. Mwambie wakili umebadili mawazo, unaondoa ruhusa ya faili. Ni haki yako; mtu akisaini anaweza kutengua. Akikataa, tafuta wakili mwingine. Akikubali upesi, mwulize kwa nini amekubali upesi. Na popote pale usiseme kwamba mimi ndiye niliyekushauri.

Faili halina kitu. Nakuambia mimi niliyekaa nalo miaka yote hiyo. Watapoteza muda wako, watachanganya mambo ambayo yamenyooka. Wewe umeshasema kweli. Kweli haihitaji karatasi za unga.

Orodha bado. Wenzangu wawili wameshaanza kununua rangi ya kupaka nyumba, kana kwamba orodha imebandikwa. Mimi nasubiri.

Kumbukumbu za baba yako zimefika ukurasa mmoja na nusu.

Mjomba wako,
Koma


2 Aprili

Mjomba, au nikuite nani?

Faili limekuja. Lina kitu.

Wakili alilitandaza mezani, akaweka kidole kwenye mstari, na mkalimani akanisomea, ingawa umeandikwa kwa lugha ninayoisoma mwenyewe. Mkuu wa kaya: wewe. Mtoto: mimi. Uhusiano: binti. Baba wa mtoto: hai, ndiye mkuu wa kaya. Mama wa mtoto: marehemu. Saini yako chini, ile ile yenye mkia, ninayoijua tangu sijajua kusoma.

Na usije ukaniambia ni kwa sababu nilisaini. Idara inayopinga ombi langu ilikuwa na ukurasa huo huo tangu Januari. Wameupata wenyewe, serikali kwa serikali. Wameandika hivi, nimenakili: "Mwombaji anadai baba yake alichukuliwa na hajulikani alipo. Kumbukumbu zinaonyesha baba yake yu hai, anaishi Makazi na anapokea mgao." Wakili anasema kama asingeliomba faili, tungeyasikia haya kwa mara ya kwanza siku yenyewe ya tarehe 20, nikiwa nimesimama mbele yao kama mwizi wa kuku.

Na kisima nilikitaja mimi. Kimo kwenye fomu ya kwanza kabisa, niliyoijaza siku niliyovuka mpaka. Nilisahau. Nimemtazama yule mtu kwa jicho baya mwezi mzima, naye kila siku ananifungulia mlango.

Wakili aliniuliza mara tatu: baba yako ni nani? Mara ya kwanza nilisema mwalimu. Mara ya pili nilisema mwalimu. Mara ya tatu, Mjomba, nilisita. Mimi mwenyewe niliisikia sauti yangu ikisita.

Maana nilikumbuka jinsi watu wa huko walivyokuwa wakisema tuna paji la uso moja, wewe na mimi. Nikakumbuka kwamba picha ya mwalimu niliyo nayo ulinipa wewe, na habari zake zote nilizipata kwako, na kisima chenyewe nilikiona nikiwa mtu mzima, wewe ukiwa umeshanihadithia. Sina kitu hata kimoja cha baba yangu ambacho hakijapitia mkononi mwako. Mama alikuwa dada yako kweli? Uliniandikisha binti ili upate mgao wa watu wawili? Au faili ndilo linalosema kweli, na niliyemwamini ndiye mwongo?

Ulijua. Ndiyo maana ulinizuia nisisaini.

Nijibu kabla mwezi haujaisha.

(sijui nisaini nani)


19 Aprili

Kwa Mzee, mjomba wa mteja wangu,

Natumaini u mzima. Barua hii imetafsiriwa na mkalimani wa ofisi yetu. Nakuandikia moja kwa moja kwa sababu mpwa wako hajapata jibu lako, na zimebaki wiki nne.

Nitasema wazi. Bila maelezo kutoka kwako, sina namna ya kuueleza ukurasa ule. Mpwa wako anajieleza vizuri na mimi namwamini, lakini watakaoamua watamwona mtu aliyesema uongo juu ya baba yake, na wakishaona hivyo hawataamini hata siku kumi na moja alizowekwa ndani. Ninachohitaji ni kiapo cha maandishi, mbele ya hakimu, kinachoeleza nani ni nani na kwa nini iliandikwa vile.

Nina wajibu wa kukueleza na jambo jingine. Mimi ni wakili wa mpwa wako. Si wakili wako. Ukikiri kwamba ulitoa taarifa isiyo ya kweli ulipoandikishwa, kiapo hicho kinaweza kufika kwa serikali ya nchi unayoishi, na kinaweza kuharibu hadhi yako na maombi yoyote uliyo nayo. Siwezi kukuahidi kwamba hakitafika. Kwa hiyo tafadhali usisaini chochote kabla hujapata ushauri wa wakili wako mwenyewe.

Najua onyo hili linaweza kumdhuru mteja wangu. Lakini ingekuwa makosa kutokuambia.

Wako,
Wakili wa mwombaji


25 Aprili

Kwa Wakili,

Barua yako imefika. Tafsiri ina makosa manne madogo. Nimeyasahihisha kwa wino mwekundu na ninairudisha kwa mkalimani, si kwa ubaya. Kosa kubwa ni langu, na limekaa bila kusahihishwa miaka ishirini na sita.

Yafuatayo yamo kwenye kiapo nilichoambatisha, kwa maneno makavu zaidi.

Tulifika Makazi asubuhi, siku ya nane ya kutembea. Mume wa dada yangu alikuwa mwalimu, na alichukuliwa mlangoni kwake akiwa ameshika daftari za wanafunzi. Dada yangu alibaki kumtafuta. Alinikabidhi mtoto akasema atatufuata. Baada ya mwaka mmoja nililetewa habari kwamba amekufa kwa homa.

Kwenye uwanja wa kuandikisha waliweka meza tatu na kamba. Mbele yangu alikuwa mama mmoja na katoto ka kike. Karani akauliza, "Wako?" Yule mama akajibu, "Wa marehemu dada yangu." Alisema kweli tupu. Karani akaandika, akapiga mhuri, na mfanyakazi mmoja akamshika mtoto mkono akampeleka ng'ambo ya kamba, kwenye mahema ya watoto wasio na wazazi. Yule mama aliambiwa ni kwa muda tu, mpaka undugu uhakikishwe. Alikaa pale kwenye kamba akimwita kwa jina, na mtoto akawa anageuka nyuma kila hatua mbili. Zamu yangu ikafika. "Wako?" Nikasema, "Binti yangu." Karani hakuinua hata macho.

Nilikuwa nimempa mtoto kipande cha muwa atafune, asije akaniita Mjomba mbele ya meza.

Tulihakikiwa upya mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na miaka sita, na mahema yale bado yalikuwapo. Mara ya pili alikuwa amelazwa, na fomu ya upasuaji ilitaka saini ya mzazi, nilisaini. Mara ya tatu alikuwa mtu mzima, hapakuwa na hatari yoyote, na karani, kijana mpole, aliniuliza kama kuna la kurekebisha. Nikasema hakuna. Kwa hiyo ya tatu sina cha kujitetea. Sikuwa na mke wala mtoto, na neno nilikuwa nimelizoea.

Hakimu wa wilaya aliniuliza kama nimepata ushauri wa wakili. Nilimwambia nimepata. Wewe uliniambia nisisaini, na huo ni ushauri. Nilikudhania mengi mabaya, Wakili. Lakini tangu nianze kukimbia, watu wenye meza wamekuwa wakiniambia "saini hapa." Wewe ni wa kwanza kuniambia ningoje. Ndiyo maana sikungoja.

Koma
msahihishaji, zamani


25 Aprili

Sindano,

Wakili atakusomea nilichomwandikia. Haya ni yako peke yako.

Mama yako alikuwa dada yangu, tumbo moja, baba mmoja. Paji la uso ni la bibi yako. Alitugawia sote bila kutuuliza. Baba yako alikuwa mwalimu. Aliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa mkono ulipita juu ya maandishi, alifuta kwa mkono wa shati nusu ya alichoandika kabla wanafunzi hawajakinakili. Alikuwa akirudi nyumbani kama mtu aliyemwagiwa unga, na mama yako alikuwa akimkung'uta mlangoni huku akimgombeza. Alicheka kwa pua. Aliniita "shemeji wa vituo" na hakuniogopa hata kidogo. Usiku uliozaliwa alitembea na wewe chumbani akikuhesabia hatua kwa sauti, moja mpaka mia, kisha akaanza tena moja, kwa sababu alisema mtoto wake hatakua bila kujua hesabu.

Hayo sikuyaandika kwenye ule ukurasa mmoja na nusu. Sasa najua kwa nini. Kila nilichokupa cha kwake kilikuwa kinanipunguza mimi.

Umesema kila kitu cha baba yako kimepitia mkononi mwangu. Ni kweli, na ni haki yako kuukagua mkono. Mgao wa watu wawili tuliupata, lakini ungepata wako hata ng'ambo ya kamba. Sikufanya kwa unga.

Nilijua lililomo kwenye faili. Nilikuambia umtazame mkalimani ili usinitazame mimi. Mwombe radhi kwa niaba yangu. Nilimtukana mtu ambaye kazi yake ni kusema tulichosema, si zaidi.

Jisainie jina lolote unaloliona lako.

Koma


23 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Nimekubaliwa. Nimeliandika kwanza, kwa sababu na wewe siku hizi unasoma kwa kurukaruka.

Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, na wa katikati alikuwa na mafua. Mwanasheria wa Idara alishika kiapo chako kwa ncha za vidole. Akasema, "Mtu huyu anakiri mwenyewe kwamba amedanganya miaka ishirini na sita. Kwa nini tumwamini leo?" Wakili akasimama, amevaa vile viatu vya droo, akasema polepole, na mkalimani akaniletea sikioni: "Alipodanganya alikuwa na cha kupata. Safari hii hana cha kupata, ana cha kupoteza tu, na alionywa hivyo kwa maandishi kabla hajasaini." Akatoa nakala ya barua yake kwako. Yule wa mafua akaisoma mara mbili.

Kisha wakasoma kiapo chako chote kwa sauti. Wanasoma kwa lugha yao, na mkalimani ananirudishia kwa yetu, sentensi kwa sentensi. Alipofika pale pa "sikuwa na mke wala mtoto" nilitaka kumziba mdomo. Uamuzi ulisomwa alasiri ile ile.

Nje, ngazini, nilimwomba mkalimani radhi, yangu na yako. Akasema hajui ninazungumzia nini. Halafu akasema, "Hongera." Ndilo neno lake la kwanza ninalolijua kuwa ni lake. Yule mtu wa duka la matairi, kumbe, ni shemeji yake.

Bado nimekukasirikia. Sitaki ufikiri kwamba kwa kuwa yameisha vizuri basi yameisha. Miaka sita niliulizia baba kwa watu wa kutisha, nawe ulikuwa na ule mkono wa kushoto na ule unga wa chaki, ukaukalia. Nitakapokuja kukuona tutagombana kwanza, ndipo tutakula.

Sasa niambie: orodha imetoka? Wakili ananiuliza kila wiki kama ulipata wakili wako mwenyewe kabla ya kuapa. Nilimwambia ndiyo, kwa kuwa ndivyo ulivyomwambia hakimu. Nimesema kweli?

Mpwa wako,
Sindano


9 Juni

Sindano,

Marahaba, na hongera. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili bila kalamu mkononi.

Hapa hakuna jipya. Orodha bado haijatoka, mambo ya ofisi unayajua. Mwambie wakili asiwe na wasiwasi, nilipata ushauri wa kutosha, na hakuna aliyeniuliza lolote. Wewe tafuta cherehani nzuri, uanze kazi.

Hasira yako ni halali. Kaa nayo kadiri unavyotaka, nitaipokea ukija nayo.

Nimefika hapa nikaweka kalamu chini, nikachemsha chai, nikarudi mezani. Ile aya ya pili si kweli. Karatasi ninazo, ningeweza kuuandika upya ukurasa wote na usingejua. Nimeiacha hapo uione, ujue jinsi ninavyofanya, maana naona bado nafanya.

Orodha ilitoka tarehe 4. Waliibandika ubaoni nje ya ofisi. Niliisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, jinsi tulivyokuwa tukisoma kurasa za majina ili jicho lisizoee. Simo. Jana nimeletewa barua yenye mhuri: faili langu limefunguliwa upya kwa sababu ya taarifa ya uongo, na nisipotoa maelezo ya kuridhisha, hadhi yangu ya ukimbizi itafutwa. Hawakuandika nitakwenda wapi. Nafikiri hawajui.

Usijilaumu. Kiapo kile ningekula tena leo, kabla ya chai.

Lakini siwezi kujidanganya kwamba naweza kulimaliza hili peke yangu. Nimeanza kuandika majibu mara tano. Yanasomeka vizuri sana, yana vituo mahali pake, na hayana hata sentensi moja ambayo hakimu anaweza kuifanyia kazi. Mimi najua lugha; sheria siijui. Kila nikisoma barua yao naona maneno ninayoyafahamu yote, na sielewi yananitaka nini.

Kwa hiyo nakuomba, mwulize wakili wako kama anamjua mwenzake yeyote wa upande huu wa mpaka anayepokea wazee. Akitaka faili, alichukue lote. Akitaka kuniuliza juu ya ile mara ya tatu, ambayo sina cha kujitetea, aniulize hiyo kwanza. Mwambie pia kwamba ulipomjibu ndiyo, hukusema uongo, ulirudia wangu.

Dereva Miwani ananisubiri nje na injini inawaka. Nimepewa siku ishirini na moja za kujibu, na leo ni ya pili.

Mjomba wako,
Koma